Pranki si utani: nilichojifunza msibani Kinole



Ndugu msomaji, naanza na jambo ambalo sijivunii. Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Kinole, huku juu milimani Uluguru, kwa Chifu Kingalu. Asubuhi moja mama yangu mdogo alikuwa anateremka kutoka shambani, mkungu wa ndizi kichwani. Simu yake ikaita, namba ngeni. Sauti ya mwanamume ikamwambia kwamba mwanawe, anayeendesha bodaboda Dar es Salaam, amegongwa na lori, ndugu wafanye haraka. Mkungu ulianguka. Mama alikimbia kuteremka kilima, kandambili moja ikabaki njiani, huku analia na kulitaja jina la mwanawe. Alipofika kwenye kona, vijana watatu wa ukoo wetu wakatoka nyuma ya migomba, simu wameielekeza usoni kwake. "Pranki, mama! Ni pranki tu!"

Mama alisimama, akawatazama, kisha akacheka. Wengi walioiona ile video walikishikilia kicheko hicho: si umeona, hata mwenyewe kacheka! Mimi pia nilisema hivyo. Niliipata kwenye kundi la WhatsApp la familia, nikacheka, nikaituma kwa wenzangu wa seminarini. Nao wakacheka.

Wiki mbili baadaye, usiku, kaka yake mama alifariki hospitalini mjini Morogoro. Ndugu aliyekuwa anamuuguza alipiga simu kwa namba ya kuazima, kwa kuwa simu yake ilikuwa imezima. Mama alisikiliza maneno machache tu, akasema, "Acheni pranki zenu, nimechoka," akakata. Kisha akaizima simu. Habari za msiba alizipata alfajiri kwa jirani, njiani akienda kuteka maji, wakati ukoo mzima umeshajua. Sisi Waluguru tunahesabu ukoo kwa mama. Mjomba ndiye mkubwa wa nyumba, na dada anapofiwa na kaka yake amefiwa na nguzo yake. Mama yangu alikuwa wa mwisho kuanza kumlilia kaka yake, kwa sababu ya kitu tulichokiita mchezo.

Tangu siku hiyo neno hili "pranki" limenikaa kooni. Na kwa kuwa ninasoma falsafa, ambayo kazi yake moja ni kuuliza maneno yanabeba nini, naomba tuliulize pamoja.

Neno na safari yake

Pranki ni neno la Kiingereza. Lilikuwa linatumika tangu karne ya 16, na hapo mwanzo halikuwa na uchangamfu wa leo. Lilikuwa na maana ya tendo baya, hila ya kumdhuru mtu. Kicheko kiliingia baadaye.

Wamarekani ndio walioifanya hila hiyo kuwa kipindi. Allen Funt alianza redioni mwaka 1947 kwa kuwarekodi watu bila wao kujua, na mwaka 1948 akahamia kwenye televisheni na kipindi kilichokuja kujulikana kama Candid Camera. Mwaka 2003 kituo cha MTV kikaleta kipindi cha Ashton Kutcher kiitwacho Punk'd, ambacho watu maarufu walitegewa mitego mbele ya kamera zilizofichwa. Mwimbaji Justin Timberlake, kwa mfano, aliaminishwa kwamba maofisa wa kodi wamekuja kutaifisha mali zake.

Jina la kipindi hicho linatufundisha kitu. Katika Kiingereza cha mitaani Marekani, kumfanyia mtu "punk" ni kumfanya mjinga mbele za watu. Lakini neno lenyewe ni la zamani. Katika Kiingereza cha enzi za Shakespeare lilimaanisha malaya. Katika magereza ya Marekani likawa jina la kijana dhaifu anayetumiwa na wafungwa wenye nguvu. Hatimaye likaja kuwa jina la mchezo wa televisheni. Maana zimebadilika, ila kuna kitu kimoja kimebaki njia nzima: yupo mwenye nguvu, na yupo aliyefanywa mdogo.

Sisi hatukuwa na upungufu wa maneno. Kiswahili kina utani, mzaha, masihara, dhihaka, kejeli, hila na ulaghai. Vijana wa mjini wameongeza "kupigwa changa la macho" na "kuingizwa mjini". Kila neno lina uzito wake na kila moja linatuambia kama tucheke au tukasirike. Sasa lugha yenye maneno yote hayo inapokwenda kukopa jingine, mara nyingi ni kwa sababu mbili: ama kimekuja kitu kipya kisicho na jina, ama kipo kitu cha zamani ambacho tunataka kukipa jina lisilotuumiza. Nadhani pranki tumeikopa kwa sababu ya pili. Wale vijana wangesema, "Mama, tumekudanganya kwamba mwanao anakufa," wangeona aibu. Wakisema "ni pranki", aibu inahamia kwa mama. Sasa yeye ndiye anayetakiwa athibitishe kwamba anajua kucheka.

Mwanafalsafa Ludwig Wittgenstein alitushauri kwamba tukitaka kujua maana ya neno, tutazame namna linavyotumika. Basi tazama "pranki" hutumika lini. Halisemwi kabla ya tendo. Husemwa baadaye, machozi yakishatoka, na kazi yake ni kufuta kesi.

Mtani kaburini

Turudi Kinole, kwenye msiba uleule.

Siku ya mazishi watani walikuja. Mmoja wao, mzee wa makamo, alikuwa ameshika jembe tangu alfajiri akichimba kaburi. Jeneza lilipofika yeye alikuwa bado humo ndani, tena amelala chali, mikono kifuani. "Nafasi imeshachukuliwa," akasema. "Rudini naye nyumbani, mkajaribu kesho." Watu wakaguna, wengine wakaanza kucheka. Akainuka, akaigiza jinsi marehemu mjomba alivyokuwa anakohoa kabla ya kulipa deni, na jinsi alivyozihesabu sarafu mara tatu. Akasema hatoki mpaka alipwe. Katekista alisimama pembeni na kitabu chake cha sala, akisubiri, anaijua desturi.

Mama yangu mdogo, ambaye tangu alfajiri ile alikuwa kimya kabisa, alifungua pindo la kanga, akatoa shilingi mia tano, akamtupia. "Toka humo, mbwa wewe, mwache kaka yangu apumzike!" Akacheka. Kisha akalia, kilio cha kweli, kile kilichokuwa kimekwama. Mtani akatoka, akapokea jeneza, akalishusha taratibu kama mtu anayemlaza mtoto. Jioni nilimwona huyohuyo anachanja kuni za kuwapikia wafiwa.

Nilijiuliza: huyu naye si amecheza na kifo? Si ameigiza mbele ya watu? Si ametoza pesa kwa mfiwa? Ukiyatazama matendo peke yake, mtani wa Kinole alikwenda mbali kuliko vijana wa migombani. Kwa nini basi mmoja alimponya mama, na wengine walimjeruhi?

Wataalamu wameliuliza swali hili kabla yetu. Radcliffe-Brown aliandika mwaka 1940 kuhusu uhusiano huu katika makabila mengi: mmoja anaruhusiwa, na wakati mwingine analazimika, kumtania mwenzake, na mwenzake anatakiwa asikasirike. James Christensen aliandika mwaka 1963 juu ya utani wa Waluguru wenyewe, na hakuzungumzia mizaha tu, bali pia wajibu unaowafunga watani. Hapo ndipo penye ufunguo. Kwetu utani ni undugu wa namna yake, kati ya koo na koo, kabila na kabila, babu na mjukuu. Hata kwenye mpira tunasema Simba na Yanga ni watani wa jadi. Tunawaita hivyo kwa sababu kila mmoja anamjua mwenzake, na aliyecheka leo anajua kesho atachekwa.

Naona tofauti tatu kati ya mtani na mfanya pranki.

Kwanza, utani hujitambulisha kabla. Pranki hujieleza baadaye. Mtani anapoingia uani anapiga kelele tangu njiani, "Watani zangu mpo?" Kila mtu anajua kinachokuja. Alipolala kaburini hakuna aliyeamini kwamba kaburi limejaa. Hakumdanganya mtu. Vijana wa migombani, kinyume chake, walihitaji mama aamini. Bila imani yake kwamba mwanawe anakufa, mchezo wao usingekuwapo. Chakula cha pranki ni imani ya mtu.

Pili, mtani analipa. Alichekesha, lakini alikuwa amechimba kaburi, na baadaye alichanja kuni. Ile shilingi mia tano haikuwa faida. Ilikuwa ishara kwamba kati ya koo hizi mbili kuna kudaiana na kulipana kusikokwisha. Siku akifiwa yeye, sisi ndio tutakaolala kaburini na sisi ndio tutakaochimba. Mfanya pranki anavuna kicheko, watazamaji na wafuasi, na hana deni kwa yeyote. Mkungu wa ndizi uliopondeka pale njiani hakuna aliyeulipa.

Tatu, kicheko cha utani kinabaki uani. Aliyetaniwa yupo, anasikia, anajibu. Mama alimwita mtani mbwa, na hakuna aliyeshtuka. Video ya pranki inakwenda kwa watu ambao mama hawajui na hawezi kuwajibu. Nilipoituma kwa wenzangu, nilimtoa mama yangu nje ya uwanja wake, nikamfanya kichekesho kwa watu ambao hawatakuja kumzika.

Mapokeo ya Kanisa yanasemaje?

Mtu asidhani kwamba Kanisa ni adui wa kicheko. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika Summa yake, sehemu ya pili ya pili, swali la 168, anafundisha akimfuata Aristotle kwamba kuna fadhila ya kujua kucheza na kuchekesha kwa kipimo. Anasimulia habari ya Mtakatifu Yohane Mwinjili. Watu walikwazika kumkuta akicheza na wanafunzi wake. Yohane akamwambia mmoja aliyekuwa na upinde arushe mishale, kisha akamuuliza kama angeweza kuendelea bila kupumzika. Yule akajibu kwamba upinde ungevunjika. Ndivyo ilivyo roho ya mwanadamu isipopumzishwa. Kwa hiyo frateri asiyejua kucheka hajawa mtakatifu zaidi. Huenda upinde wake unakaribia kuvunjika.

Lakini Tomaso anaweka masharti. Furaha isitafutwe katika maneno au matendo machafu au yenye kudhuru. Mtu asipoteze kabisa utulivu wa akili. Na mchezo ulingane na mtu, mahali na wakati. Katika swali la 75 anazungumzia dhihaka, yaani kumcheka mtu kwa nia ya kumwaibisha, na anasema uzito wake huongezeka kadiri anayedhihakiwa anavyostahili heshima. Kumdhihaki Mungu ndiyo dhihaka mbaya kuliko zote. Inayofuata ni kuwadhihaki wazazi. Niliposoma hapo niliifunga simu yangu.

Katika swali la 110 anatenganisha uongo wa mzaha na uongo wa kudhuru. Uongo wa mzaha ni mwepesi zaidi, ingawa nao ni uongo. Pranki inapenda kujiandikisha katika kundi la kwanza. Lakini uongo ulioangusha mkungu wa ndizi na kumkimbiza mama peku kilimani umeshahama kundi. Kitabu cha Mithali, sura ya 26, aya ya 18 na 19, kinamfananisha mtu anayemdanganya jirani yake na kudai anafanya mzaha na kichaa anayerusha moto na mishale ya kuua. Wazee wetu nao walituachia yao: mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Dunia imeshauona usaha huo. Desemba 2012 watangazaji wawili wa redio ya Australia walipiga simu katika hospitali moja ya London alikolazwa mke wa mwana wa mfalme, wakijifanya Malkia na Mwanamfalme Charles. Muuguzi aliyepokea aliamini, akawaunganisha na wodi. Mazungumzo yakarushwa hewani, dunia ikacheka. Siku tatu baadaye muuguzi huyo alikutwa amekufa, na uchunguzi ukaonyesha kwamba alijiua. Sisemi kwamba kila pranki inaua. Nasema kwamba anayerusha mshale gizani hajui kifua kilichopo mbele. Huwezi kujua mtu unayemshtua amebeba nini siku hiyo.

Msinielewe vibaya

Najua nitajibiwa kwamba hata utani unatumiwa vibaya. Ni kweli kabisa. Wapo wanaume wanaowashika wanawake maungoni na kusema "ni mtani wangu". Wapo wanaomtukana jirani kwa chuki ya kweli na kujificha nyuma ya kabila. Huo ni unyanyasaji uliovaa kanzu ya desturi, na padre au katekista asiuonee haya kuukemea. Lakini angalia: hata hapo kipimo ni kilekile. Je, huyu mtani anawajibika kwangu? Naweza kumjibu? Siku ya shida atakuja na jembe? Kama majibu ni hapana, huyo si mtani.

Tena si kila kitu kiitwacho pranki ni dhambi. Jumuiya inayomfanya mama mmoja aamini kwamba wamesahau jubilei ya ndoa yake, kumbe wamemwandalia pilau, haijamwibia kitu. Mshtuko unapoisha ana zaidi ya alichokuwa nacho. Na Mtakatifu Filipo Neri, aliyejulikana Roma kwa mizaha yake, aliwahi kutembea barabarani amenyoa ndevu upande mmoja. Aliyefanywa mdogo hapo alikuwa yeye mwenyewe. Alitaka watu waache kumwona mtakatifu.

Kwetu seminarini jambo hili lina mlango wake. Wanafunzi wapya wanapofika, tunawatuma wakatafute vitu visivyokuwapo, tunawaamsha usiku kwa taarifa za uongo, na wakichukia tunasema hawana wito wa kuishi katika jumuiya. Niseme wazi: nami nimefanya. Tunamwandaa mtu ambaye siku moja ataaminiwa na waumini katika saa zao ngumu, simu ikiita usiku kwamba mgonjwa anahitaji Mpako. Tukizoea kucheza na imani ya mdogo wetu leo, tunajifunza kazi gani?

Kulipa

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2487, inafundisha kwamba kila kosa dhidi ya haki na ukweli lina wajibu wa malipizi, hata kama aliyekosa amesamehewa. Kwa hiyo kusema "samahani, ilikuwa pranki" hakutoshi.

Niliwaandikia wenzangu wote niliowatumia ile video, nikawaeleza yaliyompata mama, nikawaomba waifute. Walifuta, na wawili walinijibu kwamba na wao wana video za namna hiyo za watu wao. Wale vijana watatu tulikwenda nao kwa mama baada ya arobaini ya mjomba. Walibeba mkungu wa ndizi, wakapalilia shamba lake siku mbili. Hakuna aliyerekodi.

Mimi nilipiga magoti mbele yake. Siku hizi ananiita Frateri hata akiwa na hasira. "Frateri," akasema, "nimeshawasamehe, wewe na hao wadogo zako. Ila kwa sasa simu ya namba ngeni siipokei. Ukiwa na shida huko shuleni, umpigie jirani, aje anigongee mlango."

Ndivyo tunavyofanya mpaka leo. Nina namba ya jirani. Ndugu msomaji, kama katika simu yako kuna video ya mtu wako akilia kwa uongo uliomtengenezea, ifute leo, kisha uende kwake na jembe. Na mwenzako mpya akifika seminarini au kigangoni, mtanie kwa sauti, asikie unakuja, aweze kukujibu.